Kodi ya Mwanakheri

Maisara Kamaludin hafanyi kazi akiwa ameketi. Kiti anacho, kizuri, cha magurudumu, lakini anayekikalia ni mkoba wake. Mwenyewe husimama dirishani, kompyuta ikiwa juu ya boksi ili imfikie machoni, na akianza kufikiri hutembea: dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, upande wa Buxton, karibu na chuo cha ufundi. Mwenye duka ameshazoea viatu vyake darini. Siku asipovisikia hupaza sauti kutoka chini, "Leo mwagonjeka huko juu?"

Ana miaka arobaini na moja. Alisomea ukutubi, akashika maktaba ya shule moja ya Kizingo, ambako watoto huletwa kwa gari na vitabu hurudishwa safi kwa sababu havikufunguliwa. Akaolewa Malindi. Ndoa ikaisha bila ya kelele, naye akarudi Kibokoni, katika nyumba aliyozaliwa, chumba kilekile cha juu, akajiambia kuwa ni kwa muda. Muda huo sasa umeota mvi. Kila asubuhi huteremka ngazi za mawe akiwa amekwisha kuudhika na kitu asichokijua jina lake, na kila jioni huzipanda akiwa nacho bado.

Kazi yake anaipenda, ikiwa kupenda ni kutoweza kuacha jambo likatulia. Yeye na mwenzake Kenga, mtu wa Kaloleni, mwepesi wa kucheka na wa kuandika programu, wametengeneza msaidizi wa kompyuta anayejibu maswali juu ya nyumba za Mji wa Kale: nani aliijenga hii, ilirithiwa vipi ile. Wanaouliza ni mawakili, wapimaji, na watu wa familia zilizotawanyika. Anayejibu ni akili mnemba, mfano wa hizo ambazo siku hizi kila mtu anazo simuni, lakini Maisara alikataa tangu mwanzo kuiacha ijibu kutoka kichwani mwake.

"Hii ukiiuliza hivihivi," alimwambia Kenga, "itakuwa kama barobaro wa barazani. Hajui, na kunyamaza hawezi."

Kwa hiyo swali likiingia, kwanza hutafutiwa mahali pengi kwa pamoja: katika karatasi walizozipiga picha wenyewe, katika magazeti ya zamani, katika mtandao, na katika sauti za watu walizorekodi mitaani. Yanayopatikana hukusanywa na kupangwa, na lile lililotajwa na vyanzo vingi hupanda juu. Fungu zima ndilo huwekwa mbele ya akili mnemba pamoja na swali, na agizo moja: jibu kwa haya, na useme umeyatoa wapi.

Kenga hushughulika na mitambo. Maisara hushughulika na vyanzo, na hapo yu nyumbani. Babake, marehemu Maalim Kamaludin, alisomesha chuo cha Kurani katika ukumbi wa nyumba ileile ya Kibokoni, na hakuwahi kupokea habari bila ya kuuliza imetoka kwa nani. Siku moja darasa zima lilimwambia kwamba kesho hakuna chuo. Wote wameisikia. Maalim akaweka bakora chini akaanza: wewe umesikia kwa nani, naye kwa nani, na huyo kwa nani? Akafuata kila njia mpaka mwisho wake, na njia zote zikaishia kwa mwanawe mwenyewe, Sufyan, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo.

"Mmeona?" akawaambia. "Nimesikia midomo ishirini. Kumbe aliyesema ni mmoja."

Maisara alikuwa mdogo, ameketi kwenye ngazi. Hakuisahau siku hiyo. Sufyan pia hakuisahau, ingawa yeye huikumbukia bakora.

*

Sufyan ndiye aliyeingia ofisini asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu, akihema kwa ngazi. Ni kakake mkubwa, muuza vipuri vya magari, mnene, mchangamfu, mwenye simu mbili ambazo zote huita kwa wakati mmoja.

"Assalaam aleikum, wasomi!"

"Waleikum salaam, kaka. Leo umepanda mwenyewe?"

"Nimepanda, na sishuki bila ya jibu. Kenga, washa hicho kidude chenu."

Alikuwa amepata mtu wa kuinunua nyumba ya Kibokoni, mtu wa mahoteli, aliyetaka kuigeuza iwe ya wageni. Jambo hilo Maisara alilijua. Shangazi yao, Bi Nana, dada wa Maalim, aliyekuwa akiishi chumba cha chini, angehamia kwa Sufyan, ng'ambo ya kivuko. Lililobaki lilikuwa swali moja la wakili wa mnunuzi: nyumba ni milki au ni wakfu? Maana kama mwenyewe wa asili aliifunga kwa ajili ya Mungu, basi haiuziki wala hairithiwi. Wanaoikaa ni wakaaji tu, hata wakizaliwa humo na kufia humo.

Maisara aliliandika swali. Kenga akasoma jibu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Nyumba hiyo ni milki ya familia. Vyanzo vitatu vinakubaliana: orodha ya zamani ya wapimaji, makala ya gazeti juu ya milango ya Kibokoni, na ukurasa wa mtandao wa nyumba za kale. Hakuna chanzo kinachoitaja kuwa wakfu."

"Vitatu!" Sufyan akapiga makofi. "Ndoa yenyewe yataka mashahidi wawili. Nipigie chapa, Kenga."

"Dada Maisara aidhinishe kwanza."

"Ataidhinisha. Huyu ndiye anayetaka kuondoka kuliko sisi sote. Muulize kuhusu ile nyumba ya Tudor."

Ilikuwa kweli. Alikwenda kuitazama mwezi uliopita, vyumba viwili katika ghorofa mpya, na dirisha pana kiasi cha kupitisha kabati. Alisimama mbele ya dirisha lile, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu miguu yake ikatulia. Sehemu yake ya mauzo ingetosha. Aliichukua ile karatasi iliyochapwa, akaitia sahihi, akampa kaka yake.

Sufyan alipokwisha kushuka, Maisara alianza kutembea.

"Nini tena?" Kenga akauliza bila ya kugeuka.

"Wamekubaliana mno."

"Wakigombana wakuudhi, wakipatana wakuudhi."

Akaifungua ile orodha, ile makala, na ule ukurasa, akavisoma vyote akiwa amesimama. Orodha ya wapimaji, ya wakati babu yake akiwa kijana, iliandika: milki ya familia, orofa mbili, madirisha ya mbele yanatazama bahari. Makala ya gazeti: milki ya familia, madirisha ya mbele yanatazama bahari. Ukurasa wa mtandao, kwa Kiingereza cha kuvutia watalii: vivyo hivyo, na bahari.

"Kenga, madirisha ya mbele ya kwetu yatazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono wampa chumvi."

Kenga akageuka. Alielewa upesi. Mmoja alikosea, na wawili wakanakili.

"Basi tuna shahidi mmoja mwenye nguo tatu," alisema. "Lakini mmoja aweza kusema kweli, Dada. Kukosea bahari si kukosea mwenye nyumba."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa sijui," akasema, na mwenye duka chini akausikia mwendo ukiongezeka kasi.

*

Shaabani ilikuwa karibu, na Bi Nana, kama kila mwaka, alikuwa na orodha yake ya shughuli kichwani. Katika Shaabani nyumba yao husomesha hitima. Hupikwa kahawa, hufukizwa ubani, husomwa majina ya wafu, na katika majina hayo lipo moja, Mwanakheri, ambalo husomwa la kwanza kabla ya babu na bibi wote. Tena hupelekwa mikeka miwili mipya katika msikiti mdogo wa mtaani. Maisara aliyakuta haya, kama alivyoikuta nguzo ya ukumbini.

"Sufyan yuwasema hana nafasi hunu mwaka ya kuchagua mikeka," Bi Nana alimwambia. "Ataibeba tu. Nenda wewe Marikiti, nyuma kule kwa Wagiriama. Mama Kavumbi yuwakujua."

"Hanijui, shangazi."

"Yuwatujua."

Mama Kavumbi alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma wa soko, mikeka yake imekunjwa na kusimamishwa kandoni mwake. Mbele yake mahamali walikuwa wakipita na magunia ya vitunguu, wakipiga kelele za kuomba njia ambazo hakuna aliyezijali.

"Wewe ndiwe binti Maalim," akasema kabla Maisara hajasalimu. "Waja na haraka kama yeye. Kakako mwaka jana alichagua kama achaguaye mke, akaondoka na ile ile niliyomwonyesha kwanza."

"Mwaka huu amenituma mimi."

"Afadhali. Yako iko hapa, yakungoja." Akavuta miwili kutoka nyuma, mirefu, myembamba, ya ukindu uliochambuliwa vizuri, bila ya rangi. "Kodi ya Mwanakheri."

Maisara alidhani hakusikia vizuri. "Umesema nini, mama?"

"Jina lake hilo. Mikeka ina majina, mwanangu. Huu wa kitanda, huu wa maiti, huu wa kuanikia. Hiyo kodi ya Mwanakheri, mirefu ya safu moja ya kuswali, haina rangi, hutoka miwili. Mamangu aliisuka akiita hivyo. Bibi aliyemfundisha aliita hivyo. Haina mnunuzi mwingine ila nyinyi."

"Na Mwanakheri ni nani?"

Mama Kavumbi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Waniuliza mimi? Mimi naabudu kanisani Kaloleni, nyumba yenu sijaiingia hata mlangoni. Si mtu wa kwenu huyo?"

Maisara akaibeba mikeka, mmoja kila kwapa, akaingia katika msongamano. Katikati ya njia, kati ya mikokoteni miwili ya ndizi, alisimama. Katika nasaba alizozikariri kwa babake, kutoka Kamaludin hadi Fuad hadi kule juu zinakopotelea, hakuwamo Mwanakheri yeyote. Na kodi. Ni nani alipaye kodi ya nyumba yake mwenyewe?

"Dada, njia! Njia, mikeka hiyo!"

Hamali alimpita karibu amwangushe. Hakuhisi.

*

Bi Nana alikuwa ukumbini, mahali palipokuwa chuo, akichagua mchele katika uteo. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na uzee umemzidisha udogo. Macho yamefifia, vidole vimebaki na akili yao wenyewe.

"Umeipata? Iegemeze hapo. Mbona wasimama kama mdai?"

"Shangazi, Mwanakheri ni nani?"

"Marehemu. Mungu amrehemu."

"Ni nani kwetu?"

"Si kitu kwetu. Tumuombee tu."

"Mbona basi twamlipa kodi?"

Vidole vikasimama. Punje moja mbovu ilibaki katikati ya vidole viwili, haikutupwa wala kurudishwa.

"Nani kakwambia neno hilo?"

"Muuza mikeka."

"Mgiriama?" Bi Nana akatikisa kichwa, na kicheko kikamtoka ambacho hakikuwa cha furaha. "Subhanallah. Sisi tumefumba midomo miaka yote hini, kumbe mikeka yasema."

"Shangazi."

"Kaa kitako nikwambie. Siwezi kusema na mtu asimamaye."

Maisara akakaa, juu ya ngazi ya kwanza, palepale alipokaa utotoni. Bi Nana akaweka uteo chini.

"Nilikuwa mtoto wa kutumwa. Kukaja watu na kamba za kupimia nyumba, na karani wao. Mtaani pakavuma kwamba nyumba ikijulikana kuwa ni ya wakfu, wenyeji watatolewa, serikali itie wageni waisimamie. Kweli, uongo, sijui. Ndivyo palivyovuma. Babangu akatukusanya hapa, wake kwa waume, na wajoli, watumishi wa nyumba. Akasema: nyumba hini Mwanakheri aliifunga kwa Mungu, hakuwa na mtoto, babu yetu alimsomesha Kurani, naye akamwambia kaeni, nyinyi na vizazi vyenu, na kodi yenu ni mikeka miwili kwa msikiti na dua kwa roho yangu. Hayo myajue, kisha myasahau. Wakija watu, semeni yetu. Wakija kesho, yetu. Mkiulizwa na malaika, yetu."

"Na wakaja."

"Wakaja wakati wa adhuhuri, wanaume wako msikitini. Mimi nilikuwa mlangoni nikila embe. Yule karani akainama, akaniuliza: nyumba ya nani hii, binti? Nikamwambia, yetu. Akaniuliza, dirisha za juu zatazama wapi? Hakutaka kupanda ngazi, jua kali. Nikamwambia, bahari." Akacheka kidogo, kama mtoto. "Nilikuwa nikitamani zitazame bahari."

Maisara aliinua macho mlangoni. Alikuwa akiona njia ile yote: ukurasa wa mtandao kutoka kwa gazeti, gazeti kutoka kwa orodha, orodha kutoka kwa karani, na mwisho wake, mlangoni, msichana na embe.

"Na kaka alipokwambia atauza? Mbona hukusema?"

"Babangu aliniambia niseme yetu. Hajanambia niache."

"Amekufa, shangazi."

"Ndiyo sababu." Bi Nana akaurudisha uteo mapajani, akauondoa tena. "Waona wewe ndiwe huna utulivu katika nyumba hini. Mimi tangu Sufyan aniletee habari ya kutia kidole kwenye hati ya kuuza, chakula hakipiti. Nikitia kidole, nauza mali ya Mungu. Nikikataa, namfichua babangu kaburini kwamba alifundisha watoto uongo. Na Sufyan mwanangu ana watoto wa kusomesha, na wewe wataka kwenda zako. Nami nakujua. Nasikia miguu yako juu ya kichwa changu."

Maisara alitoa simu. Akaiweka juu ya ngazi kati yao, akaeleza itafanya nini, sauti yake itakwenda wapi, na kwamba aweza kukataa.

Bi Nana aliigusa kwa ncha ya kidole. "Nikiyasema humo, nitakuwa nimesema kwa nani?"

"Kwa kila atakayeuliza."

"Basi weka. Nimechoka kuulizwa na mimi peke yangu."

*

"Hapana," alisema Kenga asubuhi iliyofuata, alipokwisha kuisikiliza ile sauti mara mbili, na ya Mama Kavumbi pia, ambaye Maisara alimrudia sokoni mapema kabla ya kufika kazini. "Sisemi si kweli. Nasema wewe ni mrithi, Dada. Wakili atasema umeipika."

"Andika basi. Andika kwamba aliyeleta ushahidi huu ni mrithi, na alitaka nyumba iuzwe."

"Ulitaka?"

"Nataka. Hata leo. Nimeshachagua pa kutundika pazia."

Kenga akamtazama, akaacha mzaha.

Walifanya kazi siku nzima. Kwanza walibadilisha namna ya kupanga: kabla ya kuhesabu vyanzo vingapi vimekubaliana, msaidizi atauliza kila kimoja kimetoa wapi, na vinavyokutana kwa mtu mmoja vitahesabiwa kimoja. Maisara alishangaa kwamba hawakufanya hivyo tangu mwanzo, yeye binti wa Maalim. Kisha wakaziingiza zile sauti mbili, wakiandika ni ya nani, imepokewa kwa nani. Ya Mama Kavumbi ilikuwa njia tofauti kabisa, kutoka kwa wasusi wa Kaloleni, ambao hawakuwa na haja ya nyumba wala ya kuificha. Ya Bi Nana ndiyo iliyowatatiza. Ilikuwa mzizi wa vyanzo vitatu vya mwanzo, na sasa mzizi wenyewe unajikana.

"Tuipe uzito gani?" Kenga aliuliza.

"Usiipe. Iache iseme zote mbili. Alivyosema akiwa mtoto, na anavyosema sasa, na kwa nini."

Jioni wakaliuliza swali lile lile. Jibu lilikuwa fupi kuliko la kwanza.

"Siwezi kuthibitisha kwamba nyumba hii ni milki. Vyanzo vitatu vya maandishi vinatokana na jibu moja, na aliyelitoa anasema aliagizwa kulitoa ili kuficha wakfu. Mapokeo mengine, ya watu wasio na uhusiano naye, yanaitaja mikeka ya kila mwaka kuwa ni kodi. Hayo hayatoshi kuthibitisha wakfu. Yanatosha kutouza kabla ya kuwauliza wenye mamlaka ya jambo hili, na kabla ya kumuuliza anayeipeleka mikeka hiyo, ambaye ushahidi wake haumo."

Kenga akasoma sentensi ya mwisho tena. "Nani anayeipeleka?"

Maisara alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Sufyan alifika Kibokoni baada ya alasiri, siku ambayo hupeleka mikeka. Safari hii alikuja na bahasha ya wakili kwapani na kidau cha wino wa kutilia kidole. Alimbusu Bi Nana mkono, akaitazama mikeka iliyoegemezwa ukutani, akauliza kama kahawa ipo.

Maisara alimsomea lile jibu akiwa amesimama katikati ya ukumbi. Kisha akamsikilizisha sauti ya shangazi, huku shangazi mwenyewe ameketi pale, akiangalia magoti yake.

Sufyan alisikiliza mpaka mwisho. Shingo ikamvimba.

"Umeikoroga mpaka ikakupa unalolitaka."

"Ninalolitaka?" Maisara akacheka. "Kaka, ninalolitaka liko Tudor, lina dirisha."

"Basi iulize kama ulivyoiuliza kwanza! Ulitia sahihi yako. Vyanzo vitatu!"

"Unakumbuka siku uliyowaambia wenzako kesho hakuna chuo?"

"Usinianzie na hilo."

"Ishirini walisema. Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mtoto!"

"Na yeye pia," Maisara akasema, akimwonyesha Bi Nana.

Sufyan akageuka kumtazama shangazi yake, mwanamke aliyemlea, mdogo juu ya busati kama kitu kilichosahauliwa hapo. Simu yake moja ikaita, akaikata. Ya pili ikaita, akaikata.

"Sikiliza," akaanza tena, kwa sauti ya chini. "Mwanamke wa Marikiti na bibi mzee. Ni maneno tu. Kuna nini kingine?"

"Kuna wewe."

"Mimi nina nini?"

"Mikeka hii, kila Shaabani nani huipeleka?"

"Mimi. Tangu barobaro. Baba alinituma."

"Alikutuma akisemaje?"

Sufyan alitikisa mkono, kama afukuzaye nzi. "Akisema peleka, basi. Mpe bwana wa msikiti. Akikushukuru, usiitikie." Akasita. Mkono ukabaki hewani. "Nilimuuliza mbona nisiitikie, si adabu. Akasema..."

Nje mtoto alipita akivuta debe juu ya mawe. Kelele zake zikazunguka kona, zikapotea.

"Akasema, mtu hashukuriwi kwa kulipa anachodaiwa."

Sufyan akakaa kwenye ngazi, palepale, mzito, bahasha ikateleza kutoka kwapani ikaanguka kifudifudi. Maisara alikuwa na simu mkononi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kurekodi.

"Nirekodi?" akauliza.

"Ngoja."

Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akampigia wakili.

"Ndugu yangu, masalkheri. Lile jambo lisimame kwanza... Hapana, bei haina tatizo... Hapana, hakuna aliyefariki. Niko na neno la kumuuliza kadhi kabla." Akasikiliza. "Basi akinunua ya jirani, na anunue ya jirani. Hiyo ndiyo itazamayo bahari."

Akakata. Akamtazama dada yake kwa macho mekundu. "Sasa rekodi. Upesi, kabla sijapata akili."

Akasema jina lake kamili, na la babake, na la babu yake. Akasema alichoambiwa na alichokuwa akifanya kila mwaka, bila ya kuongeza. Alipomaliza, Bi Nana alinyoosha mkono, akakichukua kile kidau cha wino ambacho Sufyan alikiweka sakafuni, akakifunga vizuri, akakitia chini ya mto.

Sufyan akaiweka mikeka begani, mmoja juu ya mwingine, akainama kupita mlangoni.

"Wakikushukuru?" Bi Nana akamwita.

"Siitikii, shangazi. Siitikii."

Maisara akapanda chumbani kwake. Alifungua dirisha, akautazama ukuta wa jirani, chokaa yake iliyobabuka kwa umbo alilokuwa akilitazama tangu mtoto. Alipiga simu Tudor, akamwambia mwenye nyumba asimngoje. Alitaraji angehisi kitu baada ya hapo, amani, au walau huzuni iliyokamilika. Kilichokuja ni miguu. Dirishani hadi mlangoni. Mlangoni hadi dirishani.

"Maisara!" sauti ya Bi Nana ilipanda kutoka chini. "Kaa kitako, mwanangu! Boriti zanimwagia vumbi kwenye mchele!"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Akakaa kama mgeni katika nyumba ya mtu, ambaye amekaribishwa vizuri na hajui ataondoka lini. Kisha, polepole, akavua viatu, ili shangazi asimsikie, akasimama tena.